Hawaii na kamera: unayoyaita magofu wenyewe hawayaiti magofu

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema unakwenda Hawaii wiki mbili mwezi wa sita kwenye harusi ya dada yako, una kamera moja na lenzi mbili, na unataka picha za aina mbili: "maisha ya kawaida ya watu" na "magofu ya wenyeji wa asili". Machweo na minazi umesema hutaki. Umeuliza uende wapi, ubebe nini, na kama wenyeji ni wakali kwenye mambo ya picha. Waliotangulia kujibu wamekumiminia majina ya fukwe. Mimi nilikaa Honolulu miaka mitatu na ushei nikikatakata vitunguu kwenye jiko la hoteli moja Waikīkī, na siku za mapumziko nilikuwa napanda basi na kamera begani. Nitakueleza yaliyonikuta, ya aibu yakiwemo.

Nianze na hizo aina mbili zako. Na mimi nilifika nazo, asubuhi sokoni, alasiri kwenye mawe ya kale, kama mtu anayegawa ratiba ya darasa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuona kwamba mgawanyo ule ni wangu mimi, wao hawanao. Unafika kwenye heiau, mahali pa ibada pa Wahawaii wa kale, jukwaa la mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, unajisemea hapa pamekufa zamani. Kumbe juu ya jiwe kuna majani mabichi yamefungwa vizuri, yamewekwa asubuhi ile ile. Kuna mtu amekuja kuongea na wazee wake kabla ya kwenda kazini.

Mimi mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Nimekulia kwenye picha za watu nisiowajua. Bibi yangu akikaa barazani anapeta mchele, mtalii anasimama hatua mbili mbele yake, klik, anaondoka, hodi hakupiga wala salamu hakutoa. Bibi alikuwa na dawa yake: anainua ungo juu kufunika uso, mchele wote unamwagika mapajani. Ungedhani mtu aliyekua akiona hayo hawezi kuyafanya kwa wengine.

Basi, Kailua, upande wa upepo wa kisiwa cha Oʻahu, kuna heiau inaitwa Ulupō. Kuta zake mahali pengine zinafika mita 9. Wiki ya tatu tu tangu nifike, nikaona nikipanda kidogo juu ya mawe nitapata pembe nzuri ya bonde la maji lililo chini. Nikapanda. Chini kulikuwa na mzee anapalilia magimbi. Ndiyo, magimbi haya haya yetu, kule yanaitwa kalo, ndiyo chakula chenye heshima kuliko vyote. Kule kila mzee ni Anko na kila mama mtu mzima ni Anti, hata kama hamjuani, na hilo lilinifanya nijione niko nyumbani upesi mno. Anko yule hakunipigia kelele. Aliegemea jembe lake, akaninyooshea kidole kuelekea chini, kama unavyomwashiria mtoto aliyepanda juu ya meza ya chakula. Nikashuka. Akaniuliza kwetu wapi, nikamtajia. Akaniuliza kama huko kwetu makaburi ya wazee huwa tunayapanda. Ule ungo wa bibi ulinijia machoni pale pale. Picha niliifuta usiku, na ilikuwa kali kweli kweli, sikufichi.

Kwa hiyo hata kama ukuta unakufika magotini tu, usiukanyage. Usipange mawe kuwa vijimnara, watalii wanapenda sana mchezo huo. Kilichowekwa na mtu kisogezwe hata kidogo ili "fremu" ikae vizuri? Hapana. Na usitie jiwe mfukoni. Hifadhi ya volkano kule Kisiwa Kikubwa, yaani kisiwa chenyewe kinachoitwa Hawaii, hupokea kwa posta mawe yanayorudishwa na wageni waliojuta baada ya kufika kwao.

Sasa mahali pa kale utakapopaona kwa nafasi, panaporuhusiwa na pana walinzi wa kukueleza, ni Puʻuhonua o Hōnaunau, pwani ya Kona, Kisiwa Kikubwa. Zamani za miko, yaani kapu, mtu akivunja mwiko mkubwa adhabu yake ilikuwa kifo. Ila akiwahi kuingia ndani ya eneo hili, kuhani alimtakasa na akarudi kwao salama. Sheria hizo za kapu zilivunjwa mwaka 1819, eneo lenyewe bado lipo na sasa ni hifadhi ya taifa. Kuna ukuta wa mawe matupu wa takribani mita 300, unene wake karibu mita 5, mrefu kupita mtu yeyote. Kuna nyumba ya Hale o Keawe iliyojengwa upya, ile ya awali ilihifadhi mifupa ya machifu 23, na nje yake zimesimama sanamu za mbao zenye midomo wazi.

Hapo ndipo jiwe jeusi la volkano lilinifundisha adabu. Picha zangu zote za siku ya kwanza zilitoka kijivu, ukuta umekuwa kama tofali la saruji la Kariakoo. Sababu ni kwamba kamera ikijazwa weusi inadhani kuna giza, inajiongezea mwanga. Shusha mwanga kwa stopu moja, wakati mwingine moja na nusu, na piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili uwe na pa kurekebishia. Halafu mchanga na matumbawe meupe yakiingia kwenye fremu kamera inakosea kinyume chake, kwa hiyo tazama kioo kila mara, usiiamini. Jioni kila mtu atajipanga kupiga sanamu zikiwa nyeusi mbele ya jua linalozama baharini. Piga moja, roho itulie, kisha geuka uipe bahari mgongo. Jua linaposhuka linaupiga ule ukuta kwa ubavu, kila jiwe linapata kivuli chake, na ndipo unaona kazi ya mikono. Pembeni familia za Kona zimekuja na maboksi ya barafu na watoto, bibi anamenya embe. Picha ninayoipenda ya Hōnaunau ni ya yule bibi na maganda yake. Ukuta uko nyuma, hauko hata kwenye fokasi.

Jambo la jua usilichukulie mzaha, kwa kuwa unakwenda mwezi wa sita. Hawaii ndiyo jimbo pekee la Marekani lililo ndani ya tropiki, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka. Honolulu ni mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, wenyewe wanaita Lāhainā Noon. Mlingoti wa bendera unakosa kivuli kwa dakika chache, chekesho zuri la picha hilo. Juni yote jua la adhuhuri litakuwa karibu na utosi, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Fanya kama tunavyofanya kwetu, saa sita mpaka saa tisa kaa kivulini, piga watu wa kivulini.

Na hili la jua linahusu zaidi michoro ya mawe ya Puʻuloa, ndani ya hifadhi ya volkano, kandokando ya barabara inayoshuka baharini. Michoro zaidi ya 23,000 imechongwa kwenye lava. Nilifika saa saba mchana, sikuona kitu, nikadhani nimepotea. Nikarudi siku nyingine jua likiwa chini, ardhi nzima ikajaa watu, duara, na vishimo. Vile vishimo vidogo ndivyo vilivyonikamata. Wazazi walikuwa wakiweka humo kitovu cha mtoto mchanga ili apate maisha marefu. Sisi tunaosema "kitovu changu kimezikwa Makunduchi" hatuhitaji mtu wa kututafsiria jambo hilo. Kuna njia ya mbao imezunguka, usitoke nje yake, na usithubutu kupaka chaki ili mistari ionekane. Mwanga wa pembeni unatosha.

Nimeambiwa nisiandike ndefu lakini kwenye Heʻeia lazima nikae kidogo.

Heʻeia ni bwawa la kufugia samaki, liko ghuba ya Kāneʻohe, Oʻahu, ekari 88, limezungushiwa ukuta wa karibu kilomita 2 uliojengwa miaka 600 hadi 800 iliyopita. Kuta mbili za jiwe jeusi zinakwenda sambamba, katikati zimejazwa matumbawe. Penye malango kuna fito zilizopangwa kwa nafasi ndogo. Samaki wachanga wanapenya kuingia, wakinenepa ndani hawapiti tena kutoka. Wavuvi wetu wa wando na uzio wangekaa kitako pale wakabishana mpaka Magharibi. Na samaki wenyewe ni wale wale: ʻamaʻama ni mkizi, awa ni mwatiko. Nilimwambia kijana mmoja pale methali yetu, hasira za mkizi tijara ya mvuvi, akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu na wao mkizi wao huruka nje ya maji vile vile.

Mafuriko ya mwaka 1965 yalibomoa kipande kikubwa cha ukuta, na tundu hilo lilikuja kuzibwa mwaka 2015 kwa mikono ya watu wa kujitolea chini ya Paepae o Heʻeia, ndio wanaolitunza bwawa. Wana siku ambazo mtu yeyote anakaribishwa kuja kufanya kazi, unajiandikisha tu. Nilikwenda kwa ajili ya picha, niseme ukweli. Nilipofika nikapewa glavu na msumeno, nikaambiwa tunakata mikoko.

Wadau wa Pwani mtanielewa nilivyoshtuka. Kwetu mkoko ukiukata unapelekwa kwa sheha. Tunaimba watoto waipande. Kule mikoko ililetwa kisiwa cha Molokaʻi mwaka 1902 na kampuni ya sukari ili kushika tope, ikasambaa, sasa mizizi yake inapenya kwenye kuta za kale na kuzipasua. Nimekata mkoko kwa mikono yangu mwenyewe, huku moyoni natazama kama kuna mtu wa misitu nyuma yangu. Baada ya hapo tukapanga mstari, mawe yanapita mkono kwa mkono, ndoo za matumbawe zinafuata. Hadithi za Kisiwa Kikubwa zinasema heiau kubwa ya Puʻukoholā, aliyoijenga Kamehameha, aliyekuja kuwa mfalme wa visiwa vyote, mwaka 1790 na 1791, mawe yake yalipitishwa hivyo hivyo kutoka bonde la mbali. Ukisimama kwenye mstari, mgongo unauma, hadithi hiyo inaacha kuwa hadithi.

Kamera ilikaa kwenye mfuko wa plastiki asubuhi nzima. Baada ya chakula dada aliyekuwa akitusimamia akaniambia, haya, sasa toa. Nilipiga kama arobaini, nimebaki na tatu. Moja ni mikono miwili inapokezana jiwe. Tope limefika viwikoni, pete ya ndoa imezungushiwa plasta isikwaruzwe, na nyuma maji yanang'aa kwenye fito za lango. Hakuna uso. Nimewahi kuulizwa ile ni picha ya mambo ya kale au ya maisha ya kawaida, nikashindwa kujibu.

Mjini kwenyewe, Honolulu, kama una siku moja tu, shuka King Street. Kuna kasri la ʻIolani alilolimaliza mfalme Kalākaua mwaka 1882. Beit el Ajaib yetu, jumba la sultani kule Unguja, ni ya 1883. Wafalme wawili wa visiwa, mwaka mmoja tu kati yao, na majumba yote mawili yakawekwa umeme mapema, kuonyesha ulimwengu kwamba visiwa haviko nyuma. ʻIolani iliwaka kabla ya Ikulu ya Marekani. Yaliyofuata na yenyewe yanafanana kuliko ninavyopenda. Januari 17, 1893, Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa, na mwaka 1895 akafungwa ndani ya chumba cha kasri hilo hilo, akawa anashona kuilti, blanketi la viraka. Ukisimama kwenye majani ya pale na kamera yako ujue watu wengi wanaopita pale hawaoni jumba zuri tu, na ukiona bendera ya Hawaii imepeperushwa juu chini, siyo makosa ya mtu, ni ishara ya kupinga yaliyotokea.

Vuka upande wa pili, sanamu ya Kamehameha. Ukiweza kuwa Honolulu kabla kidogo ya Juni 11, sikukuu yake, utaona magari ya zimamoto yamenyoosha ngazi, watu wanaivika sanamu makoja ya maua marefu kuliko nyumba. Hapo ndipo hizo aina zako mbili zinakutana saa moja, mahali pamoja, bure. Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la Kawaiahaʻo, limejengwa kati ya 1836 na 1842 kwa vipande kama 14,000 vya matumbawe yaliyokatwa baharini na wapiga mbizi. Nilipousogelea ukuta ule mara ya kwanza nikaona alama za konokono na matundu ya matumbawe ndani ya jiwe, nikapapasa kama mjinga, nikakumbuka kuta za matumbawe za Shangani, kwetu Mji Mkongwe.

Ya haraka haraka sasa. Lenzi: 35 mm inatosha kwa asilimia kubwa, ile kubwa yako ya mbali iache hotelini, inakufanya uwe mwizi wa mbali. Beba kichujio cha kukata mng'ao, maji ya kule yanang'aa vibaya. Ukitoka kwenye kiyoyozi kioo kitaingia ukungu, iache kamera kwenye begi robo saa kwanza. Chumvi ya upepo futa kila usiku. Droni hairuhusiwi kwenye hifadhi za taifa, basi, usiibebe hata kujaribu bahati. Kasa akiwa kapumzika ufukweni kaa umbali wa mita 3, sili wa kule mita 15, na watu wa pale watakukemea mbele ya kadamnasi ukisogea. Kupiga kwa biashara sehemu nyingi kunataka kibali, kwa hiyo kama mpiga picha wa harusi ya dada ni wewe na unalipwa, ulizieni mapema.

Lahaina, kisiwa cha Maui. Mji ulioungua Agosti 8, 2023, watu zaidi ya mia moja wakafariki. Kama hakuna mtu wa pale aliyekualika, usiende na kamera. Najua mti wa mbanyani wa 1873 umechipua tena na picha zake zinapendwa. Watu waliofiwa bado wanaishi hapo.

Wakali? Si wakali. Ukisalimia kwanza, kamera ikiwa imeshuka kiunoni, wengi watakubali, na asiyetaka atakuambia hataki. Na ukialikwa nyumbani kwenye hiyo harusi, kabla hujaingia tazama mlangoni. Wanavua viatu kama sisi. Rundo la ndala la familia nzima, za babu zimelika kisigino, za mtoto zina vibonzo. Hiyo picha ipige kabla hujavua zako.

Umeuliza pia kama inabidi kuwalipa watu. Nikueleze habari ya Anti mmoja wa Maunakea Street, mtaa wa wauza maua, Chinatown. Alikuwa anatunga pikake kwa sindano ndefu, na pikake mkuu ni asumini yetu ile ile, waliipa jina la tausi kwa sababu binti mfalme Kaʻiulani alipenda vyote viwili. Namna alivyokuwa anaishika sindano ilikuwa ya shangazi yangu kabisa, kidole cha mwisho kimenyooka. Nikamwomba nimpige, akasema hapana, bila hasira, kama mtu anayekataa chai. Nikanunua koja moja, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata nikapita, nikanunua lingine, nikamwonyesha kwenye simu picha ya shangazi akitunga asumini kwa ajili ya harusi. Aliishika ile simu muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akauliza kwa nini wanachanganya na majani. Sikujua, ikabidi nimpigie shangazi Unguja, kule usiku wa manane, akanigombeza ndipo akajibu kwamba ni ya kuongeza harufu.

Mara ya tatu Anti akasema piga mikono tu. Nikapiga. Nikaenda kuisafisha kwenye duka la dawa, maduka ya dawa ya kule yana mashine za picha, senti chache tu, nikamletea. Nilipopita kwa mara ya mwisho kabla sijahama ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji la maua, ncha moja imeanza kujikunja kwa unyevu, na pembeni yake ameandika kwa kalamu ya wino bei ya pikake.